Fainali Nyuma ya Mgongo wa Baba Mkwe

Wasifu wa marehemu Sekela ulisomwa kwa dakika nne. Mchungaji kijana, ambaye Sekela mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika, alisimama uani pale Ipinda akatuambia kwamba marehemu alikuwa mwalimu kwa miaka mingi, mjane, mama wa watoto sita, mwanakwaya mwaminifu na mkulima hodari wa mpunga. Kisha akakunja karatasi yake. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani na akina mama wenzangu, magoti yananiuma, nasubiri aikunjue tena, maana niliamini upande wa pili kuna maneno. Hapakuwa na kitu. Nikamwinamia binti yake mkubwa nikamwuliza, "Na magongo je?" Akanitazama kwa ule upole wa kuwatazamia wazee waliochoka, akasema, "Magongo gani, mama mdogo?" Watoto sita kawalea, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mama yao aliwahi kuwa kapteni wa timu ya mpira wa magongo, na kwamba mpira huo nusura umpokonye chuo na ualimu wenyewe. Nilikasirika. Nilimkasirikia mchungaji, nikawakasirikia watoto, halafu njiani kurudi nyumbani nikamkasirikia Sekela kwa kukaa kimya miaka yote hiyo. Mwisho nikajikasirikia mimi, kwa sababu nami nilikuwa na langu ambalo sikumwambia mpaka amezikwa. Basi naandika. Habari za ukoo wangu na za nilikozaliwa hazitamsaidia mtu hapa, nitaziruka.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa cha wasichana, cha misheni, njiani kati ya Ipinda na Matema, enzi za Mwingereza. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili, na huu ninaousimulia ulikuwa mwaka wetu wa kwanza. Majengo yalikuwa ya matofali mekundu na mabati, na mvua ikishuka juu ya mabati yale mwalimu aliacha kusema akawa anaandika tu ubaoni, nasi tunanakili bila kuuliza. Bwenini tulilala kumi na wanane, vitanda vimebanana, na chumba kizima kilinuka sabuni ya mawese na nguo ambazo hazijawahi kukauka sawasawa. Mtu ambaye hajaishi upande ule wa Nyasa hajui mvua ni nini. Kuanzia Machi hadi Mei tuliishi ndani ya maji kama vyura, na siku jua likitoka tulitazamana kwa mshangao, kila mmoja anaona jinsi mwenzake alivyopauka. Chakula kilikuwa wali na vidagaa vya usipa, ndizi na maharage, halafu tena wali na usipa. Jumapili Mama Lusajo, mpishi wetu, akipata mbasa mbichi kutoka kwa wavuvi wa Matema alimchemsha kwenye chungu kikubwa cha wafinyanzi wa Kikisi, na siku hiyo hata wale wasioimba kanisani waliimba.

Magongo yaliletwa na Bibi Hallam, mwalimu wetu wa mazoezi, Mwingereza mwembamba mwenye Kiswahili cha kwenye kitabu. Alikuwa na magongo manane halisi kutoka kwao. Matatu yaliyopungua alichongewa na fundi seremala kwa matawi ya mpera, na mimi, kwa kuwa nilikuwa golikipa, nilipewa la mpera, zito kama mchi. Mpira wenyewe ulikuwa mmoja, mweupe, mgumu. Ukilowa ulivimba, kwa hiyo kila baada ya mazoezi tulimpelekea Mama Lusajo auweke kwenye uchaga juu ya moto, pale pale alipokaushia usipa wake. Siku ya kwanza tulipocheza na chuo kingine, wageni walilalamika kwa refa kwamba mpira wetu unanuka. Sekela akawajibu, "Ukiupiga kwa nguvu harufu inaondoka," na kwa dakika sitini zilizofuata hawakuupata wa kunusa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye mapaja ya mtu aliyezoea kulima kwenye tope, na alicheza katikati, nyuma ya washambuliaji, mahali ambapo mchezaji hukimbilia mbele kushambulia na kurudi nyuma kuzuia. Kitanda chake kilikuwa jirani na changu. Alisali upesi, alilala upesi, na alikoroma.

Vyuo vya jimbo letu vilikuwa na mashindano yao ya kombe, na mwaka huo mechi za mwisho zilipangwa kwenye uwanja wetu. Mabingwa walikuwa chuo cha wasichana cha kule juu kwenye baridi, watu wa viatu na soksi. Sisi tulicheza pekupeku. Kabla ya kuwafikia ilitubidi tushinde nusu fainali, na huko ndiko kisa kilikoanzia. Tulikuwa tunaongoza kwa mabao mawili. Sekela alinyang'anya mpira katikati, akawapita wawili, akabaki yeye na golikipa wao peke yao. Nilikuwa mbali, langoni kwangu, lakini nilishaanza kushangilia. Mara akasimama. Akaangusha gongo, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akatoka mbio kuingia kwenye shamba la migomba, mpira akauacha pale pale kwenye nyasi. Nikatazama kando ya uwanja. Mzee mmoja alikuwa ameshuka kwenye baiskeli, amevaa koti, amekuja kwa mkuu wa chuo kwa mambo ya matofali. Naye alikuwa ameshageuza baiskeli yake, anaikokota kwa haraka kuelekea upande mwingine, kofia inamwanguka na haiokoti. Walikimbiana kama watu wawili waliokutana na chui mmoja. Kwa sisi tuliozaliwa huko hapakuwa na cha kuuliza. Hata walinzi wa timu pinzani, wale waliokuwa Wanyakyusa, waliinamisha vichwa kwa heshima. Waliobaki wakauchukua mpira wakaja kunifunga.

Niseme wazi kwa ajili ya vijana. Kwetu, msichana akishatolewa ng'ombe wa mahari, yeye na baba wa mchumba wake hawaonani tena. Hamwangalii, hamsemeshi, jina lake halitamki, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. Wenyewe tunaita kumwogopa mkwe, lakini ni hofu ya heshima, na aliyeivunja alihesabiwa kuwa ameuvunja ukoo mzima. Wakristo tulikuwa tumeacha mengi, hili hatukuliacha. Sekela alikuwa mchumba wa Ipyana, kijana karani kule Mbeya, mpole asiye na neno, na mzee yule ndiye baba yake Ipyana. Nitamwita Mzee. Sekela hakuwahi kulitamka jina lake, nami sitaliandika. Tulizuia mpaka kipenga cha mwisho tukashinda mbili kwa moja, lakini hakuna aliyeshangilia. Bibi Hallam alimkuta Sekela jikoni, nyuma ya vyungu, akamwambia kwamba mchezaji hakimbii uwanjani, na kwamba woga ni jambo la aibu. Ni Mama Lusajo aliyejaribu kumweleza Bibi, huku anachagua mchele.

"Bibi, yule ni baba mkwe wake."

"Basi asimtazame. Acheze bila kumtazama. Kuna tabu gani?"

"Tabu ipo, Bibi. Na amemwona na sketi ya kuishia magotini."

Bibi Hallam alifikiri kidogo, akasema atasali juu ya jambo hilo. Jumatatu iliyofuata barua ya Mzee ikafika kwa mkuu wa chuo, ya maneno machache: mpunga ukishavunwa, binti ataondoka chuoni ili arusi ifungwe. Neno hilo Mzee alikuwa ameshalisema mbele ya wazee wenzake wa kanisa, kwa hiyo lilikuwa limetoka. Maana yake ilikuwa kwamba Sekela hatauona mwaka wa pili, hatapata cheti, hatafundisha hata darasa moja. Mpunga ulikuwa unavunwa Juni. Fainali ilikuwa Juni, wiki moja kabla. Nilitegemea atalia, nikajiandaa hata na maneno ya kumfariji. Yeye aliketi kitandani, akafunga upya kamba za mpini wa gongo lake, akasema, "Nitacheza fainali, halafu waje wanichukue." Nikamwuliza je, Mzee akija kuangalia? Maana alikuwa mzee wa kanisa, na siku ya fainali wazee wote wa kanisa walialikwa. "Akija nitakimbia tena," akasema. "Asipokuja nitawapiga wale wa soksi mpaka wavue soksi." Kisha akalala, akaanza kukoroma. Mimi ndiye niliyekesha.

Uwanja wetu ulijaa maji wiki hiyo hiyo. Bibi Hallam alitaka tupumzike, Sekela akakataa. Kila siku baada ya masomo tulitembea hadi Matema, magongo mabegani, tukafanya mazoezi ufukweni chini ya ile milima, pale ambapo akina mama wa Kikisi walishusha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi. Tumpe, mshambuliaji wetu mfupi kuliko wote na mwenye mbio kuliko wote, alikuwa mtoto wa mmoja wao, na mama yake alituonya kwamba atakayevunja chungu atakaa hapo afinyange kingine. Mchangani mpira hautembei. Ukiugonga kwa mzaha unazama hapo hapo ulipo. Ilitubidi tupige kwa kiuno na mgongo, na tukimbie kwenye mchanga mlaini mpaka mashavu ya miguu yakawa mawe. Wengine walinung'unika. Sekela hakuwabembeleza. Alikuwa akisimama mbele yao, jasho linamchuruzika, anasema, "Mimi nina wiki tatu za kusoma. Nyie mna mwaka na nusu. Nani anatakiwa kuchoka kwanza?" Hapo kila mtu aliokota gongo lake. Nimefundisha miaka thelathini na minne baada ya hapo, nimehudhuria semina za kila namna kuhusu kuwatia watu moyo, na sijasikia mtu akiifanya kazi hiyo vizuri zaidi ya vile.

Alitukataza kwenda kumwomba Mzee. Alisema ombi likitoka kwetu litaonekana limetoka kwake. Mimi nilikuwa mbishi tangu tumboni, kwa hiyo Jumamosi moja nilijitolea kumsindikiza Mama Lusajo kwenda Ipinda kununua mchele wa jikoni, na nikahakikisha tunaununua kwa mke wa Mzee. Tulimkuta mama mwenyewe anapepeta uani. "Mwaghonile," tukamwamkia. "Ndaga, karibuni," akajibu, akatazama jezi yangu niliyosahau kuivua, akaelewa kila kitu. Mzee alikuwa barazani anaziba pancha. Mimi sikuwa mkwe wake, hapakuwa na cha kunizuia, ila hakuinua kichwa.

"Ninyi ndio mnaokimbia na fimbo?"

"Ndiyo, tata," nikajibu, yaani baba. "Ila si fimbo, ni magongo."

Mama Lusajo akanikanyaga mguu.

"Najua ni magongo," Mzee akasema. "Nimeyaona Burma, vitani. Wahindi wa jeshini walikuwa wakicheza jioni. Mvua inanyesha, wao wanacheza." Akaingiza mpira wa baiskeli kwenye beseni la maji, akatafuta mapovu. "Huyo wenu anacheza wapi?"

"Katikati, tata. Nyuma ya washambuliaji."

"Huyo ndiye anayechoka kuliko wote."

"Ndiyo, tata. Na bila yeye hatuna timu."

Mapovu yalipanda, akaweka kidole juu ya tundu. "Siku ile alikuwa anakwenda kufunga?"

"Alikuwa amebaki yeye na golikipa."

"Mimi ndiye niliyefika bila hodi," akasema, zaidi kwa beseni kuliko kwangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwombe, akaniwahi. "Lakini neno nimelitoa, na watu wamelisikia. Nikilirudisha hivi hivi wataniuliza nani kanirudisha. Nendeni. Mchele mama atawapimia."

Tulirudi na mchele kichwani, tumenuna. Mama Lusajo alisema mzee yule ana moyo, shida ni kwamba ana watu. Sikumwambia Sekela kwamba nilikwenda. Siri hiyo ilikuwa ya kwanza, na mpaka hapo haikuwa na ubaya.

Siku ya fainali kulikucha bila mvua. Maji uwanjani yalikuwa yameshuka, tope limebaki upande mmoja, ule wa migomba. Tulichora mistari kwa majivu ya jikoni. Asubuhi Mama Lusajo alitupikia uji akatia ndizi mbivu, akasimama mlangoni kuhakikisha hakuna aliyeacha. Lori likaja kutoka Kyela na wageni wetu, wakateremka mmoja mmoja na soksi zao nyeupe, wakatazama tope, wakatazamana. Watu walijaa: wazee wa kanisa, akina mama wa vyungu, wavuvi, watoto wa shule. Sekela alikagua umati ule mara tatu, kichwa amekiinamisha, anachungulia chini ya mkono. Mzee hakuwepo. Nikamwona anapumua. Refa alikuwa ameshaweka kipenga mdomoni pale watu wa upande wa migomba walipoanza kupisha njia.

Alikuja na koti lake na kofia, mkewe nyuma yake kabeba kigoda. Sekela alikuwa ameshajifunika uso, mguu mmoja nje ya mstari, tayari kukimbia. Mzee hakuja tulipokuwa. Alipita nje kabisa, uso ameugeuzia shambani, akafika nyuma ya lango la upande wa tope, mbali na watu wote. Pale mkewe akaweka kigoda, na Mzee akaketi akiupa uwanja mgongo. Mbele yake palikuwa na migomba tu. Mama mkwe akavuka uwanja taratibu, khanga ameishika kifuani, akamfikia Sekela.

"Baba yako amekaa," akamwambia. "Anaangalia migomba. Hatageuka. Cheza, mwanangu."

Kisha akarudi kusimama kando ya kigoda. Bibi Hallam aliyekuwa karibu nami aliuliza kwa nini bwana yule ameketi vibaya. Nikamwambia hapana, Bibi, amekaa vizuri kabisa. Nikakimbilia langoni kwangu ili mtu asinione machozi ya furaha.

Kipindi cha kwanza tulishambulia upande ule wa migomba. Tumpe alifunga mapema, mpira ulipokwama kwenye tope na wenye viatu wakateleza. Lakini Sekela hakuwa Sekela. Kila mara alipokimbia na mpira alifika hatua chache baada ya katikati ya uwanja akautoa kwa mwenzake, akarudi, kana kwamba mtu amemchorea mstari wake mwenyewe wa majivu. Mgongo ule ulimtosha kuwa uso. Wakati wa mapumziko nilimgombeza mpaka mate yakaniruka. Alisema, "Gwe Bupe, wewe hujatolewa ng'ombe. Miguu yenyewe inakataa." Tukabadilishana pande, nikajikuta nimesimama kwenye lango la tope, hatua kama nane kutoka kwenye kigoda. Nikaanza kusikia.

"Sasa wanakimbia wote kule," mama alikuwa anasimulia.

"Nani ana mpira?"

"Yule mfupi wa Matema. Aa, kanyang'anywa. Na lile lenye soksi."

"Lipi?"

"Yote yana soksi, baba Ipyana. Haya, limempa jingine. Linakuja. Mwe, lina mbio hilo!"

"Wazibe pembeni! Waambie wazibe pembeni!"

"Nitawaambia mimi?"

Nilikuwa nakaribia kucheka. Washambuliaji wao walikuwa wanakuja kweli, nami niliwaona, nilikuwa nimejipanga vizuri. Ndipo Mzee akauliza, kwa sauti ya chini ambayo nadhani aliamini inaishia kwa mkewe, "Na wetu? Wetu yuko wapi?" Nikageuza kichwa. Nilitaka kuona shingo ya mtu anayesema neno lile, baada ya barua ile. Niligeuza kichwa tu, kwa muda wa kupepesa jicho, na mpira ukapita kushoto kwa mguu wangu, taratibu kabisa, hata mtoto angeuzuia. Ikawa bao moja kwa moja. Na kanuni ya kombe ilikuwa kwamba wakitoka sare, kombe linabaki kwa bingwa wa zamani.

Sekela alikuja mpaka kwenye mstari wake ule wa kujichorea, akasimama hapo, macho yamejaa machozi. "Nisamehe, Bupe. Ningerudi ningeuzuia. Ni mimi." Hapa ndipo nilipotakiwa kusema. Nilitakiwa kumwambia kwamba sikuwa naangalia mpira, kwamba bao lile hata angekuwepo na magongo mawili lingeingia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kiburi cha kutosha mji mzima. Nikamwambia, "Basi safari nyingine urudi." Aliamini mpaka anakufa. Miaka mingi baadaye, tukiwa walimu wazima tunakunywa chai kwake, alikuwa bado akisema lile bao ni lake, nami nanyamaza, nachovya muhogo kwenye chai. Sasa nimesema. Najua nimechelewa, na najua pia kwamba kama ningesema siku ile, yaliyofuata yasingefuata.

Tulishambulia mpaka pumzi zikatuishia. Tumpe aligonga mlingoti. Mlinzi wetu mmoja alitolewa akichechemea, damu kwenye ugoko. Zilikuwa zimebaki dakika chache sana pale mpira uliporudi kwetu kwa ghafla, walinzi wetu wote wako mbele, na yule mrefu wao akaja peke yake. Nilimtokea. Alinizunguka, nikateleza, nikaanguka kifudifudi kwenye tope, lango langu likabaki wazi. Nilisikia miguu pekupeku inakuja kutoka nyuma yangu, mizito, ya mtu anayekimbia mchangani. Sekela alivuka mstari wake. Alivuka, akapita kichwani kwangu, akajitupa na gongo lake mbele ya mpira pale pale langoni, mpira ukatoka nje, naye akateleza na tope mpaka akaishia nyuma ya kigoda, hatua mbili tu kutoka kwenye koti lile.

Mama mkwe aliacha kusimulia.

"Kuna nini?" Mzee akauliza. "Mbona kimya?"

"Ameokoa."

"Nani?"

"Wetu. Yuko hapa nyuma yako."

Niliona mgongo wa Mzee unakakamaa. Sekela alikuwa amejifunika uso kwa kiwiko, amelala alipoangukia, hata kuinuka hawezi. Nilijua kwamba Mzee akiondoka sasa, yote yamekwisha. Aliinuka. Bila kugeuza hata sikio, alipeleka mkono nyuma, akakishika kigoda chake, akakisogeza mbele hatua moja nzima, ndani ya migomba, majani yakamgusa kofia. Akaketi tena. Alikuwa amempisha nafasi ya kuchezea. Sekela akaamka na gongo lake, akarudi kinyumenyume mpaka uwanjani, na dakika zilizobaki alicheza upande wa migomba na upande wa pili, kila mahali, kama uwanja wote ni wake.

Hatukupata bao. Kipenga kililia tukiwa bao moja kwa moja, na kombe likapanda lori kurudi kwenye baridi. Tulilia wote, hata Bibi Hallam alitoa kitambaa. Ndipo mama mkwe akamwita Sekela. Akamsimamisha nyuma ya kigoda, hatua kama tano, akamgeuza uso aangalie uwanja, huku Mzee anaangalia migomba yake. Wamepeana migongo. Mama mwenyewe akasimama katikati. Watu walisogea, wazee wa kanisa wakiwa mbele, wale wale waliolisikia neno la kwanza.

Sekela ndiye aliyeanza. "Mama, mwambie baba nimekosa. Tumeshindwa mbele yake."

Mama akageuka, ingawa mumewe alisikia kila kitu. "Anasema amekosa. Wameshindwa mbele yako."

Mzee akakohoa. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaka asikiwe hadi barabarani. "Mwambie mimi sikuona mtu aliyeshindwa."

Mama alipeleka. Mabega ya Sekela yakaanza kutikisika.

"Na mwambie," Mzee akaendelea, "mpunga una wavunaji wake. Mwakani nitakuja tena kusikiliza."

Wazee wa kanisa walitazamana, hakuna aliyeuliza kitu. Mama mkwe akageuka alipeleke na hilo, akafungua mdomo, sauti ikamkwama, akajifuta macho kwa pindo la khanga. Tukangoja. Hakuna aliyetaka kuingia pale katikati. Basi nikaenda mimi, na tope langu lote, nikasimama kati ya migongo ile miwili, nikasema kwa sauti, ingawa alikuwa ameshasikia, "Sekela, baba anasema mwakani atakuja tena."